Namna ya Kujenga Maadili na Maisha ya Pamoja katika Shule ya Msingi: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Lamu

Katika shule nyingi za msingi za Kenya, ukuta ulio karibu na ofisi ya mwalimu mkuu umeandikwa kwa rangi maadili manane ya Mtaala wa Umilisi: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Mtaala huo ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, na kabla yake Katiba ya 2010 ilikwisha kuyataja maadili ya kitaifa katika kifungu chake cha 10, kwa hivyo hakuna mwalimu anayeweza kudai kwamba hajui anatakiwa kufunza nini. Ugumu uko kwingine. Mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kuyakariri yote manane kwa pumzi moja mbele ya mgeni, na dakika kumi baadaye akamsukuma mtoto wa Gredi ya 1 bombani ili ajaze chupa yake kwanza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wakuu, walimu wa madarasa na wazazi ambao wangependa kuianza kazi hiyo pale bombani.

Nimefundisha katika visiwa vya Lamu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ninayoyashauri hapa niliyajua baada ya kuyakosea.

Tazameni kabla ya kupanga

Kabla ya kuitisha kikao chochote, mwalimu mkuu awateue walimu wawili au watatu, awape daftari moja, na awaombe watembelee kwa siku tano za masomo mahali ambapo watoto hukutana bila kusimamiwa: langoni asubuhi, kwenye bomba au jabia (birika la maji ya mvua), njia ya vyooni, chini ya mwarobaini wakati wa mapumziko, na gatini kwa shule ambazo watoto wake huvuka kwa mashua. Waandike walichokiona, wala si walichokifikiri. “Wasichana watatu walikunja mkeka wao mwenzao alipokuja kukaa” ni maelezo yanayofaa. “Watoto hawapendani” hayafai, kwa sababu hayamwonyeshi mtu la kufanya. Majina ya watoto yasiandikwe kamwe, kwa kuwa daftari hilo litasomwa baadaye na wazazi, na mji wenyewe ni mdogo.

Mwisho wa wiki walimu wote wakae, walisome daftari kwa sauti, na wachague maadili mawili tu ya muhula huo. Kishawishi cha kuyachukua yote manane ni kikubwa, hasa panapotarajiwa wakaguzi, lakini muhula mmoja una wiki zisizozidi kumi na nne na watoto hawawezi kujizoeza mambo manane kwa wakati mmoja. Sisi wenyewe hatuwezi. Kila adili lililochaguliwa ligeuzwe kuwa tendo ambalo mtu aliyesimama mbali anaweza kuliona likitendeka. Heshima iwe “mkubwa humtanguliza mdogo bombani.” Uadilifu uwe “kilichookotwa hufika sandukuni kabla ya kengele inayofuata.” Waachieni watoto wenyewe waitunge sentensi hiyo kwa maneno yao, hata kama haitapendeza sana masikioni mwa mwalimu wa Kiswahili.

Bombani

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sijaona mahali pengine shuleni panapoonyesha maisha ya pamoja waziwazi kama foleni ya maji. Maji ya mji wa Lamu hutoka kwa wingi katika visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na katika vijiji vingi vya visiwani watu hutegemea jabia zinazokusanya maji ya mvua. Mtoto wa hapa hujua tangu udogo kwamba maji huweza kukatika, na hiyo ndiyo sababu anasukuma: anaogopa kwamba zamu yake haitafika. Kumwambia awe na heshima bila ya kumwondolea hofu hiyo ni kazi bure.

Mpango ambao umetufaa ni huu. Pangeni mawe au chora mstari wa chokaa chini, wa kuonyesha mahali pa kusimama, na mtenge njia mbili: moja ya Gredi ya 1 hadi ya 3, nyingine ya waliobaki. Njia ya wadogo hutangulia. Kila mtoto hujaza chupa moja, na anayetaka ya pili hurudi mwisho wa foleni. Mtoto mmoja wa Gredi ya 5 au ya 6 huwa mwangalizi kwa wiki moja, na zamu hiyo izunguke kwa wote kwa mpangilio wa orodha ya darasa, wakiwamo watukutu. Msiwape viranja kazi hii, kwa kuwa viranja wana madaraka ya kutosha tayari. Sharti moja lisilobadilika ni kwamba mwangalizi hujaza chupa yake baada ya watu wote.

Sharti hilo la mwisho walimu wengine waliliona la kikatili. Mimi nadhani ndilo kiini cha mpango wote. Katika wiki ya pili tangu tuanze, zamu ilimwangukia mvulana mdogo wa umbo ambaye hakuna aliyetarajia kwamba wakubwa watamsikiliza. Siku ya Jumanne maji yalikatika yeye na mwenzake mmoja wakiwa bado hawajapata. Nilikuwa nimeketi barazani nikisahihisha madaftari, nami nilimwona akiitikisa bomba mara mbili, akainama kutazama kama kuna tone, kisha akamgeukia mwenzake na kumwambia, “Nimehesabu vibaya, ndugu yangu. Kesho utaanza wewe.” Mwenzake alicheka tu, wakaenda zao na chupa tupu. Niliwaita, nikawajazia kutoka kwenye mtungi wa ofisi, na sikusema lolote zaidi ya “Haya, rudini darasani, wanangu.” Kesho yake asubuhi nilichungulia: yule mwenzake alitangulizwa mbele ya njia ya wakubwa, na hakuna aliyeguna.

Sikumwita mbele ya gwaride kumsifu, na nina sababu. Wakati mmoja shule niliyokuwa ilianzisha sanduku la vilivyookotwa na kuamua kumpa kalamu kila mtoto atakayeleta kitu. Wiki ya kwanza zilikuja kofia mbili na kiatu kimoja. Kufikia wiki ya tatu sanduku lilikuwa limejaa sarafu za shilingi moja moja, na tulipochunguza tukagundua kwamba watoto walikuwa wakizitoa mifukoni mwao wenyewe, kwa hesabu sahihi kabisa kwamba kalamu ina thamani kuliko shilingi. Tuzo iliondolewa, sanduku likabaki, na vitu vinavyoletwa sasa ni vichache lakini vina wenyewe. Mtoto aliyetenda jema asemeshwe kwa upole, peke yake, na kwa kulitaja tendo lenyewe: “Nimekuona umemngoja yule mdogo afunge kamba za kiatu.” Hayo yanamtosha.

Kuamkiana na kusemeshana

Pwani yetu heshima huanzia ulimini, na mtoto wa Lamu hufika shuleni akiwa amekwisha fundishwa nyumbani kumwamkia mkubwa wake. Kinachosahauliwa ni upande wa pili wa maamkizi hayo. Mtoto anaposema “Shikamoo, mwalimu,” na mwalimu akaitikia kwa kutikisa kichwa huku macho yake yakiwa kwenye simu, shule imekwisha mfundisha kwamba heshima ni ushuru unaolipwa na wadogo. Walimu wakubaliane kuitikia “Marahaba” kwa sauti, na kumtazama aliyewaamkia. Wakubaliane vilevile kuhusu wanavyowaita wafanyakazi wengine wa shule mbele ya watoto: mlinzi ni Mzee fulani, na mpishi ni Mama fulani, hata pale ambapo mwalimu amewapita umri. Watoto huiga daraja tunazoziweka sisi kuliko maneno tunayowaambia.

Kuna mambo mawili ya lugha yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni la mtoto aliyekuja kutoka bara, ambaye kwao hakuna shikamoo, naye husema “Hujambo, mwalimu” kwa nia njema kabisa. Aelezwe desturi ya hapa faraghani, na asichukuliwe kuwa hana adabu. La pili ni la mtoto wa Kiamu au wa Kibajuni anayesema “ndoo” badala ya “njoo”, “mato” badala ya “macho”, au “ndia” badala ya “njia”. Katika insha ataandika Kiswahili sanifu, na mwalimu ana wajibu wa kumsahihisha hapo, lakini darasa likimcheka kwa lugha ya mamake, mwalimu asimame upande wake papo hapo. Lahaja hiyo imebeba tenzi zilizokuwa zikiandikwa katika visiwa hivi kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na si vibaya wanaocheka wakaambiwa hivyo.

Mtoto akikosa

Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na kumtesa kiakili. Jambo hili halina mjadala, ingawa kila mwalimu mwenye umri wangu amewahi kuambiwa na mzazi langoni, “Mwalimu, mchape tu, nimekuruhusu.” Mzazi hana ruhusa hiyo ya kutoa. Ajibiwe kwa heshima kwamba sheria imekataza, na aelezwe shule inafanya nini mahali pake, kwa sababu mzazi anayeona kwamba kiboko kimeondolewa na hakuna kilichowekwa huamini, na ana haki ya kuamini, kwamba shule imewaachia watoto uwanja.

Kilichowekwa mahali pake katika shule yetu ni kikao cha suluhu. Hufanyika siku ileile ya kosa, lakini baada ya hasira kupoa, kwa kawaida baada ya kipindi cha mwisho. Hufanyika barazani, mahali penye upepo na pasipo meza katikati, kwa sababu ofisi humfanya mtoto afikirie namna ya kujitetea tu. Huhudhuriwa na aliyekosa, aliyekosewa, mwalimu mmoja, na rafiki mmoja wa kila upande ikiwa watoto wanataka. Mwalimu huuliza maswali matatu kwa mpangilio huu: ni nini kilichotokea, nani ameumia na ameumia vipi, na kitatengenezwa vipi, lini. Jibu la swali la tatu huandikwa kwa sentensi moja pamoja na siku ya kuangalia kama limetimizwa. Mwalimu asihutubie. Ninajua jinsi ilivyo vigumu. Ulimi wa mwalimu umezoea kufunga kila jambo kwa mafunzo.

Mfano mmoja utaonyesha kwa nini mpangilio wa maswali una maana. Mvulana wa Gredi ya 5 alikivunja kidau cha mchezo cha mwenzake, kimoja katika vile vyenye tanga la kitambaa ambavyo watoto hushindanisha maji yanapojaa. Kama tungeanza na nani mkosa, kikao kingekwisha kwa dakika mbili. Tulianza na kilichotokea.

“Nilikivunja kwa sababu alisema babangu hana chombo, anategemea vya watu,” alisema aliyevunja, akiangalia miguu yake.

Mwenye kidau alinyamaza kwa muda. “Nilisema,” alijibu hatimaye. “Lakini hiki mjomba ndiye aliyenichongea, kule Matondoni.”

“Basi kuna vitu viwili vya kutengenezwa,” nikawaambia. “Nani ataanza?”

Walikubaliana kwamba yule wa kwanza atakigundisha kidau kwa msaada wa mjomba huyo Jumamosi, na yule wa pili atakwenda naye na kumwomba radhi baba wa mwenzake kwa maneno aliyoyasema. Sehemu hiyo ya pili hakuipanga mwalimu. Ilitoka kwa mtoto mwenyewe, naye aliogopa kuitekeleza kuliko mwenzake alivyoogopa gundi na msumeno. Kidau hakikuwa kama zamani. Kiliinama kidogo upande wa kushoto, na watoto wakakipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Lazima niongeze onyo, na walimu walichukue kwa uzito. Kikao cha suluhu ni kwa ajili ya ugomvi, matusi, uharibifu na wizi mdogo wa watoto. Mtoto aliyedhulumiwa kimwili au kingono, aliyepigwa nyumbani hadi kuumia, au aliyehusishwa na dawa za kulevya, haketishwi barazani na aliyemdhuru, na jambo hilo halimalizwi kwa wazee kukutana jioni na kupeana mikono. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda, na wajibu wa mwalimu ni kumfikisha kwa afisa wa watoto na polisi siku hiyohiyo, hata kama familia zote mbili zinamwomba anyamaze.

Shule, chuo na nyumba

Watoto wengi wa Lamu hutoka shuleni wakaenda chuoni kusoma Kurani, na kwa hiyo wana walimu wawili wenye sauti katika malezi yao. Ni ajabu kwamba walimu hao wanaweza kuishi mtaa mmoja, Langoni au Mkomani, wakasalimiana kila siku, na wasizungumze hata mara moja kuhusu mtoto wanayemfundisha wote. Mwanzoni mwa kila muhula mwalimu mkuu au naibu wake awatembelee walimu wa vyuo vilivyo karibu na kuwaeleza yale maadili mawili yaliyochaguliwa. Mara nyingi wana hadithi au aya inayolisemea jambo hilohilo, na mtoto akilisikia kwa ndimi mbili hulichukua kwa namna nyingine. Ziara kama hiyo ifanywe kwa makanisa pia, penye watoto wa Kikristo, hata wakiwa wachache. Wakiwa wachache ndipo ziara hiyo ina maana zaidi.

Uwiano huo hubadilika sana kutoka mahali hadi mahali. Kisiwani Lamu na Pate darasa linaweza kuwa karibu lote la Waislamu, ilhali Mpeketoni, ambako serikali ilianza kugawa mashamba miaka ya 1970, watoto wa jamii zilizotoka bara ni wengi, na kwingineko katika kaunti Waboni, Waorma, Wagiriama na Wabajuni huketi dawati moja. Katika kaunti inayoyakumbuka mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, neno amani halihitaji kufafanuliwa kwa michoro. Linahitaji ratiba: nani anaketi na nani, nani anacheza timu gani, nani anakula wapi. Madawati yabadilishwe kila nusu muhula, na timu za mpira zipangwe kwa rangi zinazookotwa kwa bahati nasibu.

Mwezi wa Ramadhani ni mtihani mzuri wa mipango hiyo. Michezo ya nguvu isogezwe asubuhi. Watoto wasiofunga, wakiwamo Waislamu wadogo, wapewe chumba au kivuli cha kulia chakula chao, mahali penye staha na pasipo kificho cha aibu, na darasa lielezwe mapema kwamba anayefunga hafungi ili amwangalie asiyefunga. Mfungo Sita unapofika na mji ukajaa wageni wa Maulidi, mahudhurio hupungua mtake msitake. Ni afadhali shule ikapanga kazi zinazofuata sherehe hizo, kama vile kuwahoji wazee kuhusu kirumbizi, mchezo wa fimbo, au kuhesabu vyombo vilivyoingia bandarini, kuliko kuandika wachelewaji ubaoni.

Kuwaita wazazi

Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi kwa mujibu wa sheria, na bado mikutano huwa na mama ishirini na baba watatu. Sababu ya kwanza ni pesa. Mzazi aliyeitwa mara tano na kuombwa mchango mara tano hujifunza kutokuja mara ya sita. Itisheni mikutano miwili mfululizo ambayo ajenda yake haina senti, na mseme hivyo katika mwaliko. Kisha mtimize ahadi hiyo, hata kama paa la stoo linavuja na mwekahazina anatamani kusema neno.

Sababu ya pili ni wakati. Barua inayosema saa tatu asubuhi imemsahau mama anayekaanga mahamri na baba aliye baharini. Mikutano ya kina mama hufaa baada ya sala ya alasiri, na Ijumaa iepukwe. Kwa kina baba wavuvi, tazameni mwezi kabla ya kutazama kalenda ya ofisi, kwa maana siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, wengi wako mwambani, na ni vyema kumuuliza nahodha mmoja anayeaminika siku gani wenzake watakuwa nchi kavu. Msimu nao una neno. Kusi linapovuma kwa nguvu, kati ya Mei na Agosti, vyombo vidogo vingi hukaa, na muhula wa pili kwa sababu hiyo ndio wakati wa kuyaleta mazungumzo makubwa. Kaskazi likiingia mtawapata wachache, na si kwa sababu hawawajali watoto wao. Tuliwahi kuhamisha mkutano wetu hadi chini ya mkungu ufukweni, mahali wanapotengenezea nyavu. Walikuja baba zaidi ya thelathini, nusu yao bila ya kuacha kazi mikononi, na mjadala kuhusu watoto kuchelewa kurudi nyumbani ulikuwa bora kuliko wowote uliowahi kufanyika darasani.

Katika mkutano wenyewe, someni kurasa chache za daftari, kisha muulize: haya mnayaonaje huko mtaani? Halafu nyamazeni. Mpangilio wa viti uwawezeshe wanawake kusema bila kulazimika kupaza sauti juu ya vichwa vya wanaume, na mmoja wa kina mama aombwe mapema kuanza, kwa sababu akianza mmoja wengine hufuata.

Kazi kwa jamii

Mtaala unataka watoto waihudumie jamii inayowazunguka, na Lamu kazi inayokuja akilini kwanza ni mikoko, kwa kuwa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii. Nitakiri tuliyoyafanya. Tuliwaalika wakubwa, tukapiga picha, na watoto wakapanda mbegu mia mbili za mkoko kwenye mchanga ulio wazi kwa mawimbi, kwa sababu ndipo wageni wangeweza kufika bila ya kuchafua viatu. Baada ya bamvua mbili hapakubaki hata mmoja. Mzee aliyewahi kukata boriti, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka hapo, aliniambia kwamba alituona siku ile na alijua mche hautashika, lakini hakuna aliyemuuliza.

Anzeni kwa kumuuliza mtu kama huyo. Atawaonyesha tope lililokingwa, atawaambia wapi pa mkoko na wapi pa mchu au mkandaa, maana kila mti una mahali pake kwa kadiri maji yanavyofika. Pandeni michache, thelathini inatosha, na darasa moja likabidhiwe miche hiyo kutoka Gredi ya 4 hadi litakapomaliza Gredi ya 6, likiihesabu kila mwezi na kuandika iliyokufa. Watoto waende maji yakiwa yanakupwa, wakiwa na wazazi wanaojua kuogelea na kwa idhini ya maandishi. Hakuna anayehitaji kualikwa.

Zipo kazi ndogo zisizohitaji bahari. Njia za mji wetu hupitwa na punda siku nzima, na mtoto anayerusha jiwe ovyo kwa mnyama aliyebeba mawe ya matumbawe anaweza kupelekwa na wenzake katika kituo cha kutunza punda kilichopo mjini akaone vidonda vinavyosafishwa. Plastiki inayoletwa na maji nayo iokotwe, na watoto waambiwe kwamba jahazi lililoundwa kwa plastiki na kandambili kuukuu lilishushwa majini hapa hapa Lamu mwaka 2018.

Wakubwa walioongezeka

Tangu 2023, wanafunzi wa Gredi ya 7, na baadaye wa 8 na 9, wanasomea katika uwanja mmoja na watoto wa chekechea. Baadhi ya walimu huwaona kuwa mzigo. Wapeni kazi yenye uzito: kila mmoja awe na mdogo mmoja wa Gredi ya 1 wa kumsomea kwa robo saa kila Alhamisi, na jina la mdogo huyo liwe limeandikwa. Wasipewe kuwasimamia wadogo wala kuwaadhibu.

Daftari

Mwisho wa muhula, walimu walewale warudi mahali palepale kwa siku tano na waandike tena. Walinganishe kurasa za mwanzo na za mwisho. Penye mabadiliko, tendo hilo liendelee bila ya kutajwa sana, na adili jingine lichukuliwe. Pasipo mabadiliko, msiwalaumu watoto kabla ya kuuliza kama mpango wenyewe unawezekana. Foleni yetu ya maji iliharibika muhula mzima kwa sababu tu koki moja kati ya mbili ilikuwa imekatika na hakuna aliyeitengeneza.

Walimu wengi wanaofundisha Lamu huhamishwa baada ya miaka michache, na mambo mengi mema ya shule huondoka nao katika sanduku la nguo. Daftari lisiwe la mtu. Liwekwe ofisini, na mwalimu mkuu anapokabidhi ofisi alikabidhi kwa mkono, pamoja na muhuri na funguo za stoo, na mgeni atie sahihi kwamba amelipokea.